Ngugi wa Thiong'o: Gazeti na Jukwaa

Mtu aliyekulia Rudewa, wilayani Kilosa, ambako mkonge ulikalia ardhi pana tangu enzi za ukoloni, hahitaji mfafanuzi akiisoma tamthilia ya *Nitaolewa Nikipenda*. Kiguunda, kibarua wa shamba la tajiri, ana eka moja na nusu tu, na hati yake huitunza kama kito. Anakopa benki apate kugharimia harusi ya kanisani. Deni linamshinda, na shamba linaangukia mikononi mwa mwajiri wake.

Ngugi alizaliwa Kamirithu, karibu na Limuru, mwaka 1938, akafariki Marekani tarehe 28 Mei 2025. Watu humtaja zaidi kwa riwaya. Lakini alipokuwa angali mwanafunzi wa Makerere alikuwa akiandika makala katika *Sunday Nation* la Nairobi, na mwaka 1962 tamthilia yake *The Black Hermit* ilichezwa Kampala katika sherehe za uhuru wa Uganda. Gazeti lilimzoeza kusema jambo zito kwa maneno machache. Halikumpa, hata hivyo, wasikilizaji aliowataka, maadamu vibarua wa Limuru hawakusoma Kiingereza.

Mwaka 1977 ulilidhihirisha hilo. Mnamo Julai riwaya yake *Petals of Blood*, yenye ukali usiofichika, ilizinduliwa na waziri wa serikali, Mwai Kibaki. Oktoba tamthilia ile ya Kiguunda, aliyoitunga kwa Kikuyu pamoja na Ngugi wa Mirii, ilianza kuchezwa Kamirithu katika ukumbi wa wazi ambao wanakijiji waliujenga wenyewe. Wakulima na vibarua ndio waliokuwa wachezaji. Nao waliyasahihisha maneno ya watunzi bila haya, jambo ambalo wasomi wachache wangelistahimili. Mwezi wa Novemba kibali kikafutwa, na mwisho wa Desemba Ngugi akatiwa kizuizini pasipo mashtaka. Hasira ile ile kwa Kiingereza ilikuwa imepewa hafla. Kwa Kikuyu ikapewa Kamiti. Humo gerezani aliandika riwaya kwa Kikuyu juu ya karatasi za chooni, hata akaachiliwa Desemba 1978.

Mwaka 1982 serikali iliubomoa ukumbi wa Kamirithu. Mwaka huo huo tafsiri ya Kiswahili ilitoka chapani.