Banda la Kupulizia Vanishi



Juma hili ninaandika kucha zikiwa bado na vanishi. Karakana ya parokia ilikuwa ikitengeneza mabenchi 20 kwa ajili ya Kipaimara, nami, kwa pupa yangu, nikanunua kompresa na bunduki ya kupulizia ili tumalize mapema. Niliagiza milango ifungwe, vumbi lisiharibu kazi. Siku ya tatu fundi wetu kijana alitoka akiyumba, kitambaa kingali puani, akaketi chini ya mwembe akishika kichwa.

Ndipo tukajenga banda: fremu ya mbao, kuta za nailoni nzito, upande mmoja machujio ya kuingizia hewa, upande wa pili feni ya kuivuta nje. Nilileta feni yangu ya mezani. Mzee mmoja, fundi umeme, aliitazama, akaniambia, “Baba Paroko, hiyo itatulipua.” Mota ya kawaida yaweza kutoa cheche, na mvuke wa thina hushika moto upesi. Akatufungia feni ya mkanda, mota ikikaa nje ya njia ya mvuke. Taa nazo akaziweka nje, zimulike kupitia nailoni. Tundu la kuvutia alilishusha karibu na sakafu, kwa kuwa mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini.

Bomba la kutolea tulilielekeza, bila kufikiri, kwenye jiko la kuni la Masista. Sista mpishi hakusema mengi. Tulilihamisha siku hiyohiyo.

Kilichonitoa jasho ni bei ya barakoa. Kitambaa huzuia matone tu, mvuke hupita. Inahitajika barakoa yenye makasha ya mkaa maalumu, nayo ilizidi gharama ya nailoni yote. Nilinung'unika, kisha nikakumbuka mwembe. Rangi za magari zinazochanganywa na kigumushi nimezipiga marufuku kabisa: zile zenye aisosayaneti huweza kumpa mtu pumu ya kudumu, na banda letu si la kuaminiwa kiasi hicho.

Mabenchi yanang'aa. Nilimwomba kijana msamaha, akacheka, akasema, “Baba, hayo yamekwisha.” Lakini asubuhi, nikifungua dirisha, bado namsikia akikohoa. Alhamisi tunakwenda hospitali pamoja, kwa hiyo Misa ya jioni itachelewa kidogo.