Kompyuta ya Ubaoni

Haya nayaeleza juu ya nafsi yangu. Mwaka 2016, Serikali ya Kenya ilipoanza kugawa vishikwambi kwa watoto wa darasa la kwanza, nilikuwa nikisomesha waalimu wa kesho katika chuo kimoja hapa pwani. Somo la kompyuta nilipewa mimi, kwa sababu nilijua kupiga taipu! Basi nikaichora ubaoni: hii skrini, hii kibodi. Wanafunzi wakanakili, wakatahiniwa, wakapita.

Baadaye binti mmoja niliyemsomesha alinijia nyumbani. "Shikamoo, Mwalimu. Vishikwambi vya skuli nimevifungia kabatini. Naona haya watoto wajue kuwa sijui."

Nilinyamaza. Cheti chake nilikitilia mkono mimi, na amana ile ilikuwa shingoni mwangu.

Mwanangu wa kiume akatutolea simu yake. Alimwambia dada yake asome ukurasa mmoja huku akimrekodi, kisha akamsikilizisha. Yule mtoto akajisahihisha mwenyewe pale aliporuka neno. Kumbe ndilo somo lenyewe, wala mimi sikuwahi kulisomesha. Nilisomesha majina ya vyuma.

Tangu mwaka 2021 waalimu wa msingi Kenya huanza kwa diploma ya miaka 3, badala ya cheti cha miaka 2. Muda umeongezeka. Lakini muda wa chaki nilikuwa nao hata mimi.

Jumamosi ya pili yake binti alirudi na wenziwe wanne, kila mmoja na kishikwambi mkobani. Nikatandika mkeka mwengine, nikakaa nyuma ya mwanangu, nijifunze.