Dodo la Uani

Mpwa wangu anataka mwembe wa uani ukatwe. Maembe yanachafua vitofali, anasema, na yanaleta nzi. Kazaliwa hapahapa Ngamiani, Tanga, na hajui embe bichi linafanywa nini.

Zamani msimu wetu ulianza kabla ya embe kuiva. Machanga, kokwa likiwa bado laini, yalipelekwa kwa bibi wa nyumba ya pili, mpika achari. Aliyakata na makokwa yake kwa kisu kizito, akayasugua chumvi na manjano, akayaanika jamvini, na jioni akayaingiza ndani yasipate umande. Yakishanyauka ndipo alipochemsha mafuta. Hardali, uwatu, pilipili kavu, siki: mtaa mzima ulipiga chafya. Mwenye mti hakudai fedha. Aliletewa chupa yake, imejazwa hadi shingoni.

Yaliyokomaa tuliyaangua kwa upembo, kwa kuwa embe lililoanguka lina jeraha, na ukilivundika huoza na kuozesha wenziwe. Tuliyavundika kwenye gunia, uvunguni mwa kitanda cha bibi yangu. Hata kanga zake zilinukia dodo, na harufu hiyo naipenda kuliko udi. Kisha mapakacha yalitoka: chuoni kwa mwalimu, kwa wafiwa, kwa jirani asiye na mti. Sahani iliyopeleka embe haikurudi tupu. Maganda na yaliyopondeka, haki ya mbuzi.

Kuta zikapanda. Mpika achari akafariki, wanawe wakahamia Dar. Leo jirani ananunua juisi ya boksi huku dodo linaoza upande wa pili wa ukuta wake, na jambo hilo linaniudhi kila Desemba.

Nzi anaowalalamikia kijana ni wa kweli. Ni nzi wa matunda kutoka Asia, waliotambuliwa Kenya na Tanzania mwaka 2003. Jike hutaga ndani ya embe linaloelekea kuiva, funza wakala nyama, embe likaanguka, nao wakajichimbia udongoni kugeuka nzi wapya. Kuyaacha maembe chini ni kuwafuga. Yaokotwe kila siku na kufukiwa nusu mita, au yafungwe kwenye mfuko mweusi na kuachwa juani.

Lakini embe la achari huondoka mtini mapema, nzi hajalitamani. Nimemwambia mpwa wangu: shoka liweke, tafuta upembo na kilo mbili za chumvi. Hardali nitanunua mimi.