Mkeka wa Bibi na Ardhi ya Uziguani

Msafiri atokaye Korogwe kwenda Handeni hukutana na nyuzi za aina mbili. Ya kwanza ni mkonge. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mmea huu mwaka 1893. Miche 62 tu ndiyo iliyosalimika, na kutokana nayo yakaenea mashamba makubwa hadi Korogwe. Singa zake zimefunga mizigo ya dunia nzima, lakini aliyeukata mkonge hakuwa mwenye shamba.

Ya pili ni ukindu na miyaa. Mwanamke huchanja majani, huyaanika, mengine huyatia rangi, kisha husuka ukili, utepe mrefu unaoshonwa ubavu kwa ubavu hata ukawa mkeka. Elimu hii haina kitabu: binti huketi karibu na bibi yake, akatazama vidole.

Handeni ina ushahidi wa nguvu ya urithi wa namna hiyo. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walipelekwa utumwani Somalia, na vizazi vyao vikaishi bonde la mto Juba. Vita vya mwaka 1991 vilipowafukuza, baadhi ya wajukuu wao walikimbilia Tanzania, wakapata makazi Chogo, wilayani Handeni, na baadaye uraia. Hawakurudi na hati ya shamba. Walirudi na Kizigua, walichorithishwa mdomo kwa mdomo. Lugha, kama ukili, hurefuka pale jani jipya linapochomekwa kabla la zamani halijaisha.

Ndugu Waislamu, Anas bin Malik (r.a.) anasimulia kuwa bibi yake, Mulayka, alimwalika Mtume (s.a.w.) chakula. Ilipofika kuswali, Anas alitwaa mkeka wao uliokuwa mweusi kwa kutumika muda mrefu, akaunyunyizia maji, na Mtume akaswali. Mkeka wa bibi haukudharauliwa.

Leo mikeka ya plastiki imejaa majumbani na misikitini. Ni nafuu, huosheka upesi, hatuilaumu. Ila mnunuzi akikosekana, msusi huacha kusuka, na aachaye kusuka hafundishi. Sisi wa kamati za misikiti hununua matandiko. Tutenge fungu la mikeka ya darsa, tuinunue kwa wasusi wetu, tena tuwaombe wakae na mabinti zetu baada ya madrasa. Tukichelewa, ukindu utabaki mtoni na mkono wa kuusuka hautakuwepo.

Wabillahi tawfiq.