Sefti ya bastola: juu ama chini?

Wacha niwaambie nilichokiona Jumamosi moja, maana mpaka leo nikikumbuka mikono inalegea.

Ami yangu ana duka la vifaa vya ujenzi hapa Ukunda. Alivamiwa mara mbili akifunga jioni. Akaomba leseni kwa Bodi ya Leseni za Silaha, akaulizwa maswali ya kuulizwa, akapewa. Akanunua Ceska. Nyinyi mnaijua kwa taarifa za habari tu, "bastola aina ya Ceska imepatikana." Yatoka Jamhuri ya Czech, na hii ya ami ni CZ 75, muundo wa tangu 1975.

Nyanya kule Msambweni hakupenda kabisa. Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilipovamiwa na bunduki zikachukuliwa, yeye alikuwa akikaa hukohuko na watoto wadogo. Walitoroka kwa miguu. Kwa hivyo alimwambia ami waziwazi: hicho kitu kisilale kwangu. Na hakilali.

Sasa, ami alikuwa mgeni wa bastola kabisa. Alichofundishwa kwanza ni sefti. Kwenye Ceska yake iko kushoto, kwenye fremu, pale gumba linapofika lenyewe. Ukiisukuma juu umefunga. Ukiishusha, iko tayari kupiga. Alirudia hayo usiku chumbani, bastola ikiwa tupu, mpaka gumba likawa linajua bila yeye kufikiria.

Hiyo Jumamosi tukavuka feri, tukaenda uwanja wa shabaha ng'ambo ya pili. Mimi wa kutazama tu, sina leseni. Mwalimu akamwambia, "Mzee, jaribu na hii," akampa Beretta 92FS. Ami akapiga risasi tano, vizuri tu. Akamaliza, gumba likaenda juu lenyewe, likakuta sefti iko juu tayari. Akaiweka mezani. "Iko sefti," akasema, akageuka kunitafuta anicheke vile nilivyoziba masikio.

Mwalimu hakusema neno. Akatoa magazini, akavuta slaidi, kile chuma cha juu, na risasi nzima ikaruka ikaanguka kwenye saruji. Halafu akamwonyesha ami kidoa chekundu pembeni. Kwenye Beretta hiyo sefti iko juu ya slaidi na kazi yake ni kinyume: ikiwa juu, chekundu kinaonekana, inapiga. Ukiishusha ndiyo umefunga, na nyundo inashuka yenyewe kwa usalama. Ile bastola ilikuwa imelala mezani nyundo iko nyuma, ikingoja kuguswa kidogo tu.

Ami alikaa chini. Wallahi najua alikuwa akimfikiria nani, ana mtoto wa miaka sita nyumbani.

Njiani nikamuuliza mbona asinunue Glock, kila mtu anaisifu. (Na ile ya filamu, mtu ameshika Glock anaambiwa "toa sefti", huwa nacheka. Sefti ya gumba haina hiyo. Iko ndani ya kifyatulio chenyewe: kidole kikikibonyeza, imeachia.) Mwalimu mwenyewe anaipenda kwa hilo, hakuna cha kusahau. Namwelewa. Lakini upindo wa shati ukinasa pale wakati mgeni anairudisha kiunoni, bastola haiwezi kujua kwamba si kidole. Hata jeshi la Marekani, lilipochagua SIG Sauer mwaka 2017, zake zilikuja na sefti ya gumba.

Mimi naona mgeni apate yenye sefti ya kwenye fremu, juu kufunga, chini kupiga, na asishike nyingine yoyote kwa muda mrefu. Si kwamba Beretta ni mbaya. Mkono wa mgeni unajifunza lugha moja tu, na ukiuchanganyia mapema unajibu vibaya ukiwa na uhakika kabisa. Hilo la uhakika ndilo lililonitisha mimi.

Na hata Ceska ina lake. Sefti yake haikubali kwenda juu kama nyundo haiko nyuma. Mgeni akitaka kuituliza, risasi ikiwa ndani, inabidi ashushe nyundo kwa gumba huku amebonyeza kifyatulio. Gumba likiteleza, imepiga. Kuna CZ 75 BD, yenye kitufe cha kushusha nyundo badala ya sefti, lakini hapo unaanza kujifunza upya.

Siku hizi ami akirudi dukani haangalii sefti iko wapi. Anaelekeza mtutu ukutani, anatoa magazini, anavuta slaidi, anachungulia ndani, anatia ncha ya kidole ahisi patupu. Halafu kabati la chuma, ufunguo shingoni. Juzi nilimwona akirudia yote mara ya pili, na ilikuwa tupu tangu mara ya kwanza. Sikumcheka.