Bahari Ikitoka, Chini Kuna Wenyewe

Jambiani, Unguja

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata, kwamba unakuja na wenzako wa chuo kutoka Dodoma na mnataka kutembea pwani kwa miguu kuanzia Paje mpaka huku kwetu. Umeuliza hoteli ipi ina ufukwe mzuri. Nimeona nikujibu kwa barua, maana kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Ufukwe wetu hauchaguliwi kwa hoteli, huchaguliwa kwa saa. Tazama mwezi kabla hujakata tiketi ya boti. Mwezi ukiandama au ukipevuka, bamvua hufuata siku moja au mbili baadaye, na maji hutoka mpaka karibu na mwamba kule yanakovunjikia mawimbi. Siku hizo maji hujaa alfajiri kiasi cha saa kumi, hupwa asubuhi kiasi cha saa nne, kisha hujaa tena saa kumi jioni. Kila siku husogea mbele kwa karibu dakika 50, na likipita juma moja mambo yamegeuka, ni maji mafu: saa nne asubuhi bahari imejaa, na hata ikitoka haitoki kwa kiasi cha maana. Ukija na wageni siku za maji mafu utawaonyesha maji tu, na maji wanaweza kuyaona hata wakikaa barazani.

Wenzako wa bara watakuwa waoga, na mwoga hana shida. Wa kumwangalia ni yule mwenzako wa Kigoma. Amekulia ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, anaogelea kukushinda wewe, na amezoea maji yanayokaa palepale asubuhi na jioni. Atakwenda mbali kuliko wote. Mwambie kwamba siku ya bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa hapa Unguja hukaribia mita 4, na kwamba maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hupanda kidogo hata mgeni asijue. Saa ya tatu na ya nne ndipo hupanda nusu ya yote, yaani karibu mita 2, na sidhani kama ana urefu huo. Wala hayamjii kwa mbele. Atakuwa amesimama mwambani anatazama mawimbi, miguu mikavu, kumbe maji yameshaingia kwa mlango wa mwamba na kulijaza bonde lililo nyuma yake, kati yake na kijiji. Basi tokeni saa mbili na nusu mkiyafuata maji yanavyokwenda, na saa nne na nusu kila mtu ageuze uso nchi kavu, hata kama kuna aliyeona samaki wa rangi.

Miguuni wavae yeboyebo au viatu vyovyote visivyovuka kirahisi, kwa sababu ya wale viumbe weusi wa mwambani wenye miiba mirefu. Penye maji ya magoti waburuze nyayo wasizinyanyue, taa aliyejifukia mchangani apate kuondoka mwenyewe. Akichomwa mtu, mguu uloweke kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kustahamili, kisha mpelekeni kituo cha afya. Msipake mafuta ya taa, kuna watu bado wanashauri hivyo.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Mchanga ule maji yakitoka huonekana mtupu, na mgeni hudhani ni uwanja. Una wenyewe. Vile vigingi na kamba ni mashamba ya mwani. Kilimo hiki kilianza kibiashara huku kwetu na Paje mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na baada ya muda si mrefu wanawake wakawa na fedha ambazo hawakuziomba kwa mume wala kwa kaka. Mama yako alikwenda shule kwa fedha hiyo, ingawa bei yenyewe haijawahi kuwa ya kujivunia. Mwani wa aina ya kotonii ndio wenye bei zaidi, lakini maji yakizidi joto huugua ukakatika, ndiyo maana wengi utawakuta wamebaki na aina ya spinosamu. Waambie wenzako kwamba humo hutolewa kitu cha kugandisha kinachotiwa kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Huenda wamepigia mswaki kazi ya mikono ile asubuhi hiyohiyo.

Kwa hiyo mzunguke shamba, msiruke kamba. Paje mtawaona wanaoburuzwa na tiara juu ya maji, na mengine ya huko sisemi, ila kamba iliyokatwa haijifungi. Ukifika penye watu, salimu kwanza wewe, shikamoo kwa wakubwa, ueleze wewe ni wa nani, ndipo uwatambulishe wenzako. Picha iombwe. Akikataa mtu, simu irudi mfukoni na mazungumzo yaendelee kama kawaida, asione kwamba mlisimama kwa ajili ya picha tu. Wasichana wajifunge kanga mkiingia kijijini, na yule kijana wa Kigoma asipite mbele ya msikiti kifua wazi.

Mkiona mawe na matawi yamelundikwa mchangani, msifukue; chini kuna makumbi ya mtu yanaoza kwa miezi kadhaa yapate kupigwa na kusokotwa kamba. Wavulana wa mjini hupenda sana kufukua.

Pweza mnunue kwa mwanamke aliyemtoa mwambani, wala msibishane bei mpaka aone haya. Mkimkuta mdogo mno, mwacheni. Pweza hukua haraka, miezi michache tu ni mwingine kabisa. Vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba hufunga sehemu ya mwamba kwa muda kwa sababu hiyohiyo, na siku ya kufungua huwa kama sikukuu.

Usiwapigie maelezo njia nzima kama mtembeza watalii. Wewe una tabia hiyo, umeirithi kwangu. Waache waulize, na wakiuliza lisilo lako, waelekeze kwa aliyeinama pale shambani. Anajua kuliko sisi wawili.

Mkirudi, chakula kiko kwetu, si hotelini. Mkaza mjomba wako atapika pweza wa nazi na wali. Mpumzike, na saa tisa maji yatakuwa yameusogelea mji wenyewe. Hapo waogelee watakavyo, huyo wa Kigoma akiwemo.

Nijulishe mapema mko wangapi, na kama kuna asiyekula pweza. Mkiteremka bandarini Malindi nipigie, nikutafutieni gari la kuwafikisha Paje, maana daladala ikijaa mizigo hamtakaa. Na nichukulie betri za redio Darajani, zile kubwa.

Wasalaam,
Mjomba wako