Chikungunya Si Kuku

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii huiona wazi kila nikilichambua jina chikungunya.

Wengi hudhani majina yote ya magonjwa yametoka kwenye Kigiriki au Kilatini. Sivyo. Mwaka 1952 homa ilizuka Newala, nyanda za juu za Wamakonde, kusini mwa Tanganyika. Wagonjwa waliumwa na viungo hata wakatembea wamepinda. Wenyeji wakaiita homa hiyo kwa lugha yao, nao madaktari wakaliandika jina lilo hilo vitabuni. Maana yake ni "kinachokunja".

Hebu tulikate silabi: chi-ku-ngu-nya. Ngu ni ile ya "ngumi", nya ni ile ya "nyama". Mzizi wake ni kitenzi kungunyala, yaani kujikunja. Na hiyo chi je? Sisi watu wa Likoni hatuna haja ya kuuliza mbali. Majirani zetu Wadigo husema chitu na chitabu, sisi twasema kitu na kitabu. Basi chi ya Kimakonde ni ki yetu, ile ile iliyomo katika "kikulacho".

Kwa nini nimelishikilia neno hili? Ugonjwa huu ulizuka Lamu na Mombasa mwaka 2004, ukarudi Mombasa mwishoni mwa 2017 hadi 2018. Wakati huo nilikuwa mdogo, lakini namkumbuka nyanya yangu akishindwa hata kushika kikombe cha chai. Jirani yetu mmoja yeye alisikia "chikeni gunya". Akaapa, "Mimi kuku sili tena!" Kuku wake wakanenepa, huku pipa lake la maji likikaa wazi uani, viluwiluwi vya mbu vikicheza ndani. Kumbe mwambukizaji ni mbu aitwaye Aedes, mwenye madoa meupe miguuni, aumaye mchana na kuzaliana katika maji yaliyotuama majumbani mwetu.

Shime, wanachama wenzangu! Tuwafafanulie wazee nyumbani neno hili, silabi kwa silabi, ili wajue adui yuko wapi. Maji ya mfereji huku kwetu hayaji kila siku, kwa hivyo kuyaweka ni lazima. Basi tuyafunike, na yaliyomo kwenye matairi na vifuu tuyamwage leo leo.